Yupo

Jumatatu sauti yangu ilibaki nyumbani,
imekwama kooni kama mwiba wa changu.
Nikenda skuli bila ya hiyo.
Kiuyu, darasa la pili, watoto sabini na mmoja,
madawati kumi na tisa, waliobaki jamvini,
na harufu ya karafuu zilizoanikwa kwa jirani
inaingia dirishani bila hodi.

Siku zote huwa hivi:
Mwalimu, nipige mstari?
Mwalimu, penseli imekatika.
Mwalimu, Biubwa kanizibia ubao.
Mwalimu, tarehe juu au chini?
Mwalimu, nimemaliza, sasa nifanye nini?
Kai Shaame peke yake niliwahi kumhesabia
mara kumi na saba kabla ya kengele ya mapumziko.
Nami huenda. Kwa huyu, kwa yule, tena kwa huyu,
sindano ya cherehani isiyo na uzi:
natoboa kutwa, sishoni kitu.

Basi usiku wake nilikuwa nimepasua mfuko wa saruji,
nikaandika kwa mkaa, herufi za kushiba:
SOMA TENA.
TAZAMA UKUTANI.
MUULIZE WA UBAVUNI, KWA MNONG'ONO.
Na chini kabisa, kadogo: kisha njoo.
Kopo moja la maziwa nikalijaza penseli zilizochongwa,
jengine makonyo ya karafuu, ya kuhesabia.

Niliyakumbuka haya kwa mama.
Aliponifunza kusuka ukili
alianza yeye, miyaa minne, vidole vyake juu ya vyangu,
halafu akaondoa mikono
akenda zake kupepeta mchele.
Nikaita. Hakuitika.
Nikaita tena. Ungo ukaitika: shwa, shwa.
Aliporudi ukili wangu ulikuwa umepinda kama mkia wa paka.
Hakuufumua.
Aliweka ukucha pahala pamoja tu, akasema, "Hapa ulikimbia."

Siwadanganyi: nusu saa ya mwanzo ilikuwa mnada wa samaki.
Mize Faki alilia.
Wawili walipigania kopo, makonyo yakamwagika,
tukayaokota sote, nami nimepiga magoti.
Kila aliyenijia nilimwonesha ukuta kwa kidole,
na kidole, wallahi, kilichoka kuliko koo.

Kisha Kai akainuka.
Daftari mkononi, mdomo umeshafunguka kwa ile *Mwa—*
Akafika katikati ya jamvi. Akasita.
Akautazama mfuko wa saruji
kama mtu anayesoma jina lake kwenye barua.
Akageuka.

Thelathini na moja toa kumi na nne.
Aliandika ishirini na tatu. Niliona, kwa mbali,
na mguu wangu ukataka kwenda,
nikaukanyaga kwa mwenziwe.
Akahesabu makonyo thelathini na moja, ulimi nje.
Akatenga kumi na nne.
Akayahesabu yaliyobaki. Akayahesabu tena, kwa hasira.
Akatia mate kidoleni, akafuta mpaka karatasi ikatoboka,
na pembeni mwa tundu akaandika kumi na saba.
Hakunitazama.
Alimtazama Mize, aliyekwisha kulia,
akamsogezea kopo.

Nikakaa kwenye kiti.
Miaka sita nafundisha chumba hiki,
sikuwahi kujua kuwa kiti kile kinayumba mguu mmoja.
Mikono sikujua niiweke wapi.
Kitu kikanichoma kidogo, nikikiri,
kama mama anayerudi sokoni mbio
akakuta mtoto kesha kula, kesha lala.

Ndipo Maalim Ussi, mkuu wetu, alipochungulia dirishani.
Kimya kile kilimtia shaka.
Sikuwa kwenye ubao, na huko ndiko alikozoea kunitafuta.
"Nyinyi," akasema, "leo mwalimu wenu hayupo?"

Mize hakuinua kichwa.
Alikuwa kwenye konyo la tisa, hataki kupoteza hesabu.
"Yupo," akasema.
"Kumi."